Sare Moja, Matranka Mawili

Mwezi wa Januari mvua ya Tukuyu hainyeshi ikapita. Inakaa, kama mgeni aliyekuja na mkeka wake. Ndizo siku za kuripoti shule. Simama stendi asubuhi uyaangalie matranka yanavyoteremshwa. Moja linatoka kwenye buti la Noah, jipya, linang'aa, lina kufuli mbili. Jingine limefungwa kwa mpira nyuma ya bodaboda, rangi imechujuka, jina la kaka mtu limekwanguliwa kwa msumari na juu yake pameandikwa jina la mdogo wake. Baada ya saa moja wenye matranka hayo watakuwa wamevaa sweta la rangi moja, wamesimama mstari mmoja, na mkuu wa shule atawaambia wazazi maneno niliyoyasikia tangu mimi mwenyewe nikiwa nimenyolewa kipara kusubiri kupangiwa bweni: "Hapa kwetu hakuna tajiri wala maskini. Sare ni moja."

Maneno hayo ndiyo ninayotaka kugombana nayo.

Nimeyasikia kwa walimu, kwa wachungaji, kwa wajumbe wa bodi na kwa wazazi wenye nia njema kabisa. Ni maneno mazuri, na hapo ndipo penye ubaya wake, maana yanafunga mjadala kabla haujafunguliwa. Ukishasema sare ni moja, mtoto anayelalamika ana wivu. Anayelia usiku ana matatizo ya kwao. Anayekaa peke yake kila Jumapili, huyo ni mpole tu, ndivyo alivyoumbwa. Shule imeshanawa mikono.

Tuelewane kwanza ni shule zipi. Rungwe si Masaki. Shule binafsi za huku nyingi zimezaliwa na makanisa. Wamoravian walifika chini ya mlima Rungwe mwaka 1891, Waluteri kutoka Berlin wakashika upande wa Manow na Mwakaleli wakati huohuo, na tangu hapo shule na kanisa vimekaa ua mmoja. Serikali ilizitwaa shule nyingi za madhehebu kwa sheria ya elimu ya mwaka 1969. Baadaye makanisa yakarudi kujenga, na leo kuna seminari ya Manow, kuna Lutengano, kuna nyingine mpya ambazo rangi ya ukuta haijachafuka. Nazitaja kama alama za njia, si kama mashtaka. Ninayoyasimulia hapa yametoka kwenye shule ambayo sitaitaja, na nimeyakuta baadaye kwa sura hiyohiyo katika mikoa mingine.

Ndani ya shule hizi wamo watoto wa wafanyabiashara wa viazi wanaopeleka malori Dar es Salaam, wa madalali wa parachichi, wa watumishi wa Mbeya, wa mawakala wa forodha wa Tunduma. Wamo pia watoto wa wachuma chai wanaolipwa kwa kilo, mayatima waliolelewa na bibi zao, na waliotoka vituo vya huduma ya mtoto vya makanisani, ambao mfadhili wao yuko ng'ambo na anawajua kwa picha. Hawa wa mwisho shuleni wana jina: watoto wa sponsa. Na nionavyo mimi, tangu ada ya kidato cha kwanza hadi cha nne ifutwe katika shule za serikali Januari 2016, ufa umepanuka. Mzazi wa kati, aliyekuwa akijibana na kuuza ndama kila muhula, amempeleka mtoto shule ya kata akapumua. Waliobaki binafsi ni wenye nacho hasa, na waliobebwa. Katikati pamepwaya.

Jambo la kuchekesha, kama si la kusikitisha, ni kwamba utajiri wenyewe wa Rungwe bado una tope miguuni. Parachichi la kusafirisha nje limeleta pesa za kuonekana ndani ya miaka isiyofika 20. Mfuate tajiri wa Tukuyu mpaka kwa babu yake. Hutavuka vizazi viwili kabla hujafika kwenye kikapu cha chai. Hatuna koo za mabwanyenye hapa. Tuna watu waliotangulia kuuza na watu ambao hawajauza bado. Ndiyo maana inaniuma zaidi kuona watoto wao wakifundishwa, kwa miaka minne au sita, kwamba wao ni makabila mawili.

Wanafundishwaje, na sare ni moja? Tufungue matranka.

Lile la kwanza lina siagi ya karanga, Blue Band, maziwa ya unga, biskuti, sabuni ya kunukia, kaunta buku za kutosha darasa zima, na sukari kilo tatu. La pili lina vile vilivyoandikwa kwenye fomu ya kujiunga, kwa idadi ileile iliyoandikwa: sabuni ya mche iliyokatwa vipande, ndoo, ufagio, na kifuko cha karanga ambacho mama amekifunga mafundo matatu ili kisifunguliwe kabla ya Februari.

Anayedhani hizi ni tofauti ndogo hajawahi kulala bweni. Bwenini sukari ni fedha. Uji wa shule huja na sukari ya kunusa, kwa hiyo mwenye sukari yake anakaa na mwenye sukari yake, wanachangiana kijiko, wanazoeana. Kabla ya wiki ya pili kwisha, meza za bwalo zimeshapangika, na aliyezipanga si mwalimu wa zamu, ni sukari. Kisha soko linafunguka. Asiye nayo ana mikono. Anaweza kuchota maji, kutandika kitanda, kufua mashati mawili ya mwenzake kwa vijiko vinne. Nimefua mashati hayo. Na mwalimu wa malezi akipita nyuma ya bweni, akatukuta wawili tumeinama kwenye karai moja, mmoja akifua na mwingine akipiga soga, humwambia mgeni wake kwa fahari: "Unaona watoto wanavyochangamana?"

Halafu kuna kantini. Kuna safari ya kwenda ziwa Ngosi au Daraja la Mungu, ambayo ni ya "wote watakaochangia". Kuna masomo ya ziada likizoni yenye ada yake. Kuna mahafali, na picha ya mahafali, na kadi ya mahafali. Hakuna hata kimoja katika hivi kilichoandikwa kwenye kanuni kwamba kimewekwa kuwatenga maskini. Kila kimoja kina sababu yake nzuri. Ukivipanga mstari, unapata ukuta.

Kuna ukuta mwingine ambao shule inaujenga kwa mikono yake. Mfadhili akichelewa kutuma pesa, anayeitwa ofisini ni mtoto, kana kwamba yeye ndiye mwenye akaunti. Siku mgeni anapokuja na kamera, kipindi kinasimamishwa na jina la kundi linatajwa mlangoni: watoto wa ufadhili watoke nje. Wanatoka, wanapangwa chini ya mti, wanaimba. Waliobaki darasani wanahesabu waliotoka. Wengine ndiyo kwanza wanajua. Mara moja kwa muhula kuna barua za kumwandikia mfadhili, zinazoandikwa wakati wenzao wako uwanjani. Na barua hiyo, mtu asikudanganye, ina mfano ubaoni. Mpendwa mfadhili, mimi ni mzima, mvua zinanyesha, nakuombea.

Na kuna wastani. Shule nyingi zina wastani ambao mwanafunzi haruhusiwi kushuka chini yake, lakini wastani huo unamkata kila mtoto kwa makali yake. Mtoto wa mwenye malori akishuka, baba anaitwa, mwalimu wa hisabati anatafutwa wa jioni, anarudia darasa ikibidi. Mtoto wa sponsa akishuka, ufadhili unatazamwa upya. Basi anasoma kama mtu anayevuka mto Kiwira kwa gogo. Hana muda wa mpira, hana muda wa kupiga domo, na kupiga domo ndiko kunakozaa marafiki. Kisha tunasema: hawa watoto wa ufadhili ni wachapa kazi ila hawajichanganyi.

Nisimulie moja, kisha niache habari zangu.

Siku ya kutembelewa wanafunzi uwanja wa shule hugeuka soko la magari. Milango ya nyuma hufunguliwa, hutolewa mahotipoti, kuku wa kukaanga, soda kwenye ndoo ya barafu, na kila familia inakaa kwenye kanga yake. Asiyetembelewa hujifanya anasoma. Mimi nilikuwa na bahati mbaya ya kutembelewa. Mama alitoka kijijini alfajiri kwa miguu na mbalaga wa ndizi ndani ya majani ya mgomba, ungali moto, na maziwa ya mgando kwenye kibuyu. Nilikwenda kumngoja kwenye kona ya mashamba ya chai, mbali na geti, nikamwambia kuwa mwaka huu wageni hawaruhusiwi kuingia. Tukala pale, tumesimama, umande ukitulowesha magoti. Rafiki yangu wa kitanda cha juu, mtoto wa mfanyabiashara wa mbao, akatokea njiani akiwapeleka binamu zake dukani. Alituona. Akageuza kichwa, akapita.

Hakunisema kwa mtu, wala mimi sikumwuliza. Kwa miaka mingi nilimhesabu muungwana. Leo nakihesabu kile kimya ni ada nyingine tuliyokuwa tunalipa wote wawili. Tulilala kitanda kimoja, juu na chini, miaka minne, na hakuna aliyejua mama wa mwenzake anapika nini.

Sasa wenye maoni yaliyozoeleka wana majibu yao, na baadhi si ya kupuuzwa.

Wa kwanza husema: ameshasaidiwa, ashukuru. Huyu simjibu kwa urefu. Shukrani ni kitu kizuri mtu akiitoa, na kitu kibaya akidaiwa kila Jumatatu mstarini. Mtoto wa miaka 14 anayeambiwa ashukuru kwa kitanda, ashukuru kwa sahani, ashukuru kwa daftari, hawezi kumkaribia mwenzake kama mwenzake. Atamkaribia kama mwenye nyumba. Urafiki hauoti kwenye deni.

Wa pili ni mwenye huruma, na namheshimu. Husema: kumweka maskini katikati ya matajiri ni kumtonesha, bora ajengewe shule yake, asome na wanaofanana naye, heshima yake ibaki. Nakiri kuna shule za namna hiyo nchini zinazofanya kazi nzuri sana. Lakini huruma hii inadhani kinachouma ni kuona. Mimi nilikulia kijiji ambamo nilimwona kila siku mwenye ng'ombe 30 nasi tukiwa na mmoja, na sikuumia, maana nilikunywa maziwa kwake na mwanawe alikula viazi kwetu. Kinachouma ni kupangwa. Na kumtenga mtoto ili asiumie kunamnyima kile ambacho ada haiwezi kununua, yaani watu. Utafiti mkubwa uliochapishwa Marekani mwaka 2022 na Raj Chetty na wenzake, kwa kutazama urafiki wa watu wazima wapatao milioni 70 kwenye Facebook, ulikuta kuwa katika mambo waliyoyapima, kilichofuatana kwa karibu zaidi na mtoto maskini kupanda kipato ukubwani ni kiasi gani maskini na wenye nacho wa eneo lake ni marafiki. Hapo wapenda sare moja watapiga makofi. Wasubiri. Utafiti huohuo ulikuta kwamba upungufu wa urafiki wa namna hiyo una nusu mbili zinazokaribiana: nusu ni kwa sababu watu hawakutani kabisa, na nusu ni kwa sababu hata wakiwekwa pamoja hawashikani. Shule zetu zimefanya nusu ya kwanza zikaita kazi imekwisha.

Wa tatu ni mhasibu. Yeye husema: ukiwabana wenye ada, wataondoa watoto, na ukiongeza watoto wa ufadhili, matokeo yatashuka. Baraza la Mitihani liliacha kutangaza shule kumi bora tangu Januari 2023, lakini wazazi bado wanaitunza orodha ile vichwani, na mhasibu analijua hilo. Namjibu kwa Delhi. Mwaka 2007 shule za kifahari za jiji hilo, zilizokuwa zimepewa ardhi ya serikali kwa bei nafuu, zilibanwa zitenge asilimia 20 ya nafasi kwa watoto maskini bila ada. Sheria ya taifa zima ya 2009 ikapandisha hadi asilimia 25. Wazazi walipiga kelele zilezile za Tukuyu. Mchumi Gautam Rao akaenda kupima, akachapisha 2019. Watoto wa matajiri waliosoma na maskini walitoka wakarimu zaidi, wakapunguza kuwabagua maskini walipoachiwa wachague wenzao wa kukimbia nao mbio za kupokezana vijiti, wakakubali zaidi kucheza nao. Hisabati haikuanguka. Kiingereza kilishuka kidogo. Na, kwa faida ya wachungaji wetu, lugha ya matusi iliongezeka kidogo pia. Bei hiyo mimi nailipa leo.

Lakini kilichonivutia kwa Rao ni jambo dogo la ofisini. Katika shule kadhaa vikundi vya kusomea vilipangwa kwa alfabeti ya majina. Herufi tu ndiyo iliyomkutanisha mtoto wa mwenye kiwanda na mtoto wa mfagizi wakagawana kitabu, na sehemu kubwa ya mabadiliko ilitokana na huko kukaa pamoja kwenye kazi, si kuwa chini ya paa moja.

Hapo ndipo ninapokutana na mpinzani wangu wa nne, aliye hodari kuliko wote, anayesema: urafiki haulazimishwi.

Kweli. Ila mzee huyu, na mara nyingi ni mzee wetu wa Rungwe anayeyasema haya akiwa ameegemea mkongojo wake, amesahau nyumbani kwao.

Wazee wa Kinyakyusa hawakuwa na semina ya kuchangamana. Walikuwa na vijiji vya rika. Monica Wilson, mwanaanthropolojia aliyefanya utafiti huku pamoja na mumewe Godfrey kati ya 1934 na 1938, aliandika kitabu kizima juu ya vijiji hivyo, Good Company, kikatoka mwaka 1951, na ndani yake kuna neno ambalo bibi zetu hawakuhitaji kutafsiriwa: ukwangala, raha ya kuwa pamoja na wenzako, kula, kunywa na kuongea nao. Mvulana akifika miaka 10 au 11 aliondoka nyumba ya baba akaenda kulala na wa rika lake, kwenye vibanda walivyojijengea kando. Kulala huko, chakula kwa mama. Lakini si kwa mama yake peke yake. Walikwenda kundi zima, leo kwa mama wa huyu, kesho kwa mama wa yule. Nyumba yenye maziwa mengi ililiwa, nyumba yenye viazi vitupu ililiwa. Hakuna mama aliyeruka zamu yake kwa sababu hana cha kukaangia.

Na kuna kipengele kingine ambacho napenda wakuu wa shule wakitafakari wakati wa kuteua viranja. Viongozi wa vijiji, amafumu, walitoka kwa watu wa kawaida. Mtoto wa malafyale, yaani chifu, alikuwa na cheo chake cha kuzaliwa, lakini ufumu haukuwa wake. Ukubwa wa damu ulibidi ukae na ukubwa wa aliyechaguliwa kwa busara zake, na wasikilizane.

Sitaki kuwauzia paradiso. Wasichana hawakuwamo katika vijiji hivyo. Wao waliozwa mapema, wengi kwa wanaume wa umri wa baba zao. Ng'ombe walibaki mikononi mwa wazee, na kijana alingoja miaka mingi kabla ya kupata wa kuolea. Mla peke yake alitazamwa kama mchawi, jambo ambalo bila shaka liliwaponza wengi waliokuwa wapole tu kama mtoto wetu yule wa Jumapili. Sisemi turudi. Nasema hoja ya "urafiki haulazimishwi" ilijibiwa hapahapa, chini ya mlima huu, kabla shule haijafika. Hakuna mzee aliyewaamuru vijana wapendane. Waliamriwa pa kulala na pa kula. Mengine yalijileta.

Ndiyo sababu nasema shule zetu hazisiti kulazimisha; zinalazimisha vitu vibaya. Zinalazimisha urefu wa nywele. Zinalazimisha rangi ya soksi. Zina kanuni ya upana wa suruali na ya kuzungumza Kiingereza. Zikifika kwenye sukari, ghafla zinakuwa na staha, zinasema hayo ni mambo ya familia.

Idadi ya wanaofadhiliwa nayo ina maneno. Pale Nairobi, Starehe ilianzishwa 1959 na Geoffrey Griffin na wenzake wakiwa na vibanda viwili vya mabati, na ikajijengea utaratibu ambao wanafunzi wengi hawalipi kitu na wanaobaki wanalipa kwa kadiri ya uwezo wa wazazi wao. Wasiolipa wakiwa wengi, hakuna anayeweza kuitwa mtoto wa sponsa, maana utamwita nani na utamwacha nani? Watoto 12 kati ya 400 ni maonyesho. Wakiwa theluthi ya shule, ni wenyeji. Shule inayochukua wachache kwa ajili ya picha ya kalenda ingekuwa bora itumie pesa hizo kujenga choo cha shule ya kata jirani, na ninalisema hili bila kejeli.

Nimekaa kwenye kikao cha wazazi hivi karibuni, safari hii nikiwa upande wa walipa ada. Maisha yana mzaha wake. Nikaomba mambo ambayo hayahitaji mfadhili. Sukari na vyakula vya matranka vikabidhiwe kwa matroni, viwekwe jikoni, viliwe na wote mpaka viishe, kisha uji uwe wa shule tu. Pesa ya matumizi iwe na kikomo kimoja, itunzwe na patroni. Meza za bwalo zipangwe kwa herufi za majina na zibadilishwe kila mwezi. Majina ya wanaolipiwa yabaki kwa mhasibu, na mgeni mwenye kamera apige picha ya shule nzima au asipige. Siku ya kutembelewa chakula kipikwe sufuria moja, kila mzazi alete kwa kadiri yake, mwenye kuku alete kuku na mwenye ndizi alete ndizi, na kila kidato kile pamoja. Magari yabaki nje ya geti. Haya yalipokewa kwa kuguna, lakini yalipokewa. Mwenyekiti akaandika.

Kilichowasha moto ni ombi la mwisho. Nikasema kila mwanafunzi, mara moja kwa mwaka, aende kulala siku mbili nyumbani kwa mwenzake wa meza, kwa mzunguko, kama walivyokula babu zetu. Nyumba yenye tanuri la umeme ipokee, nyumba yenye mafiga ipokee. Wapo waliosema usalama, nikawaelewa. Nikasema walimu watangulie kukagua, wazazi wapigiane simu, wasichana wapelekwe na matroni. Wapo waliosema mbu, katika Tukuyu hii ya baridi, nikanyamaza. Kisha baba mmoja, mwenye malori, mtu mwema anayechangia mabati ya kanisa kila mwaka, akasimama. "Ndugu yangu," akasema, "mimi nalipa ada ili mwanangu asiyajue hayo maisha. Unataka akalale wapi? Kwa nani?"

Kwa kuwa aliuliza, nilimtajia kijiji kimoja cha upande wa Isongole, na familia ya mtoto anayekaa dawati moja na mwanawe. Alinyamaza kidogo. Wazee waliokuwa mstari wa mbele wakatazamana, mmoja akakohoa. Ni kijiji alichozaliwa baba wa huyo mwenye malori, na nyumba niliyoitaja imepakana na kaburi la babu yake.

Mwenyekiti akasema tumwachie Mungu, akaingia kwenye ajenda ya paa la bwalo, ambalo linavuja.